Nilimficha Daktari Lupasi Yangu, Nikamtukana Mama Mkwe

Shosti zangu, nimechemsha! Na safari hii simsingizii shetani, ana kazi zake.

Nauza vitenge Kariakoo, upande wa Msimbazi. Nina lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeukia mwenye mwili. Niliolewa nikiwa nao, mume hajui. Viungo vikiuma nasema nilibeba mzigo. Vidonge naviita vitamini. Mjanja mimi!

Mimba ikiwa changa tukaenda hospitali: mimi, mume na mama mkwe, aliyekuja toka Tanga kuniangalia. Daktari akauliza, "Mama, una ugonjwa wowote wa muda mrefu?"

"Sina, dokta. Labda njaa."

Wakacheka. Nikatolewa damu.

Majibu yakaja: uwezekano mkubwa mtoto ana Down sindromu, ile hali ya kuzaliwa inayochelewesha akili na ukuaji.

Nyumbani mama mkwe akasema kwa upole, "Kwetu hatujawahi kupata mtoto wa hivyo, lakini akija tutampokea."

Mimi nikasikia hiyo "kwetu" tu. Nikamlipukia: "Kwenu? Kwenu kuna mjomba anasalimiana na majogoo! Damu mbovu ni yenu!"

Mungu wangu, mdomo huu!

Asubuhi mama mkwe akapanda basi akarudi kwake.

Haikupita muda mashavuni ukanitoka wekundu, vidole vikavimba. Tukarudi kwa daktari. Akanitazama. "Mama, hii inafanana na lupasi. Unayo tangu lini?"

Nikaangua kilio, mume yuko pembeni ametoa macho.

"Lupasi inaweza kuvuruga kile kipimo cha damu," daktari akasema. "Ningejua, ningeyasoma majibu kwa tahadhari. Na moyo wa mtoto, ambao lupasi huweza kuudhuru, tungeshapanga kuufuatilia."

Mimba ilipokua kidogo wakachukua maji ya uzazi kwa sindano. Mtoto hana Down! Nikashangilia peke yangu. Mume akasema, "Ugonjwa ningekuuguza. Mama yangu alikukosea nini?"

Tukaenda Tanga. Nikapiga magoti mlangoni na tumbo langu. "Shikamoo mama. Ugonjwa ni wangu, si damu yenu. Nisamehe."

"Marahaba," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe: "Umekula?"

Basi! Mpaka leo nakaribia kujifungua, simu zangu hapokei.

Dada, daktari akikuuliza unaumwa nini, taja vyote! Kama unamwonea aibu mkwe, mtume nje akakununulie maji. Mwambie unataka ya baridi sana, azunguke kwanza.