Mama Bibiana Hakusikia Matokeo

Basi lilipoingia stendi ya Masasi, Optatus alimwona Jafari amesimama kando ya mizigo, mikono nyuma. Jafari alikuwa jirani yao wa Chilangala, mtu wa utani, na siku zote alimwita msomi. Siku hiyo alimwita kwa jina.

"Optatus, pole na safari."

"Nishapoa. Mama hajambo?"

"Twende kwanza. Kuna gari la misheni linapanda Newala."

"Jafari, nimekuuliza mama."

Jafari aliinama akachukua begi. "Mama Bibiana ametutoka jana asubuhi, ndugu yangu. Kichomi. Wanakusubiri wewe tu wazike."

Optatus akaketi juu ya gunia la mtu. Njia nzima kutoka Dar es Salaam alikuwa akilipanga neno atakalomwambia mama yake mlangoni: nimefaulu.

Mama huyo, Anjelina kwa jina la ubatizo, ila wote wakimwita kwa jina la bintiye, alikuwa mkulima wa korosho na mihogo. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo, naye aliwalea kwa jembe na kwa sala. Kila Jumamosi alifagia kanisa, hata siku ambazo ndoo ya maji ilikuwa bado iko bondeni ikimngoja. Optatus alipochaguliwa kwenda kusomea uhandisi, alicheka na kulia kwa pamoja.

Muhula wa kwanza kijana alianguka. Hesabu zilimshinda, na michoro ndiyo kabisa, kwa maana wenzake waliotoka shule za ufundi walishazoea zile rula na yeye alikuwa hajazigusa. Alirudi likizo amenyong'onyea. Huo ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi walikuwa wakigombea korosho mpaka vijijini, bei ikiwa juu, na mjomba wake, mzee Gervas, alikuwa ameshapata la kusema. Kwao mtoto ni wa mjomba, na neno la mjomba halipingwi.

"Mhandisi wa sifuri!" alisema Gervas. "Mikorosho inataka kupaliliwa, wewe unakaa mjini kuchora mistari. Basi, inatosha. Hurudi chuoni."

Optatus akainamisha kichwa. Mama yake ndiye aliyeuliza, "Ulipokuwa huelewi, baba, ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, mama. Wale walimu ni watu wazima. Mtu mzima akishasema, unamuulizaje tena?"

"Ndivyo nilivyokufundisha, kweli," alisema mama polepole. "Lakini hiyo ni ya hapa nyumbani. Kule kawaulize mpaka wachoke."

Kisha akapiga magoti mbele ya kaka yake. "Kaka, mtoto ni wako, sikatai. Mwache arudie mitihani. Akianguka tena, mpe jembe mwenyewe, sitafungua mdomo."

Gervas akasema, "Mara hii tu."

Optatus alirudi chuoni akaanza kubisha hodi. Mwanafunzi mwenzake Anwari alimwonyesha kushika rula, akimcheka, "Wewe unaishika kama mwiko wa ugali!" Mwalimu wa hesabu, aliyemwogopa kuliko wote, alimvutia kiti. Alirudia mitihani akapita. Muhula wa pili akapita yote. Akapanda basi.

Sasa alifika Chilangala akamkuta mama yake kwenye jeneza, na kanga yake ya kanisani juu. Dada yake Bibiana alimshika shingoni wakalia. Waliokuwa uani walijua alichokuwa akikiogopa: aliyemwombea kwa mjomba hayupo tena.

Kabla ya kufunga jeneza, Gervas alimwita. "Umefaulu?"

"Nimefaulu, mjomba. Yote."

Mzee akamshika mkono, wakasogea wote wawili hadi kwenye jeneza. "Mdogo wangu," alisema, "mtoto amefaulu. Atarudi chuoni. Nimesema mimi."

Optatus aligusa paji la uso wa mama yake. Lilikuwa baridi.

Jeneza likafungwa. Wanaume walilibeba hadi makaburini, wanawake wakifuata kwa wimbo. Padre alisoma sala, akanyunyiza maji ya baraka. Optatus alitupa udongo, Bibiana akafuata, kisha mjomba, kisha wengine. Vijana walijaza kaburi kwa majembe, wakasimika msalaba wa mbao wenye jina lake. Walisali Baba Yetu, wakanawa mikono kwenye beseni moja, wakarudi nyumbani.