Banda la Burudani la Mama Nyanda

Msimu ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia Bariadi na malori yao, Justina alipunguzwa kazi kwenye ushirika. Alikuwa karani wa mizani tangu ujana wake. Siku ile alirudi nyumbani na kikombe chake cha chai na kanga aliyokuwa akijifunika mabegani asubuhi za baridi. Mumewe, Luhende, alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumweleza. Alikaa barazani akaangalia barabara.

Barabara ndiyo iliyompa wazo. Mkulima sasa alipima pamba na kulipwa papo hapo. Watu wa Dutwa na Ngulyati walikuja mjini kwa baiskeli, mke nyuma, mtoto mbele, wakanunua bati na sukari. Kisha wanaume waliingia vilabuni, na wanawake wakabaki kwenye vibaraza vya maduka, watoto wamewalalia mapajani, wakisubiri jua lipungue. Justina aliwatazama msimu mzima. Zamani, alipokwenda Mwanza kwa mafunzo ya ukarani, aliwahi kuona ukumbi ambao baba, mama na watoto waliingia pamoja, wakubwa wakaangalia video, wadogo wakacheza gemu za televisheni na kubembea uani. Bariadi palikuwa na pombe na palikuwa na kanisa. Katikati hapakuwa na kitu.

Mali pekee aliyokuwa nayo ilikuwa na miguu minne. Binti yake, Flora, alikuwa ameolewa Lalago, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa Dutwa, katika zizi la Malimi, kaka mkubwa wa marehemu. Kazi ya ng'ombe wale ilijulikana: dada ameolewa, sasa kaka aoe. Nyanda, mdogo wake Flora, alikuwa na mchumba huko Ngulyati, Nyamizi, na baba yake Nyamizi, mzee Mahona, alikuwa amekubali kusubiri hadi mauzo ya pamba ya mwaka unaofuata.

"Nikikuomba ng'ombe wako utaniona nimechanganyikiwa?" Justina alimuuliza mwanawe, baada ya kumweleza habari ya ukumbi ule wa Mwanza.

Nyanda alikuwa fundi baiskeli, kijana wa maneno machache. Aliendelea kukaza mnyororo. "Si wangu, mama. Ni wa Flora mpaka wafike Ngulyati."

"Watafika. Watazunguka kidogo tu."

"Nyamizi ataniambia nimeoa televisheni."

"Na wewe utamjibu nini?"

Akafikiri. "Jenereta nitaiweza," akasema, na huko ndiko kukubali kwake.

Kilichobaki ni Malimi. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, na alikuwa ningi, yaani kiongozi wa wachezaji ngoma, upande wa Bagika. Kila mwaka baada ya mavuno Bagika walicheza uwanja mmoja na wapinzani wao, Bagalu, uwanja wa jirani, siku hiyohiyo, na walioshinda ni wale waliovuta watu wengi. Kila ningi alikuwa na dawa zake za kuvuta watu, na kila familia ilikuwa na upande wake, hata zile zilizokwenda misa kila Jumapili. Malimi aliwatoa ng'ombe bila ugomvi. Alitaka jambo moja: siku ya kufungua, afungue yeye na wachezaji wake.

"Shemeji, nikiwaita Bagika peke yao, Bagalu watasemaje?"

"Watasema wamezidiwa. Wameshazoea kusema hivyo."

Justina alicheka. Baba yake alikuwa katekista wa Maswa, na kwao ngoma zilitazamwa kwa mbali, kama mvua inayonyesha kwa jirani. Alijua habari ya pande mbili, lakini aliamini video haina Bagika wala Bagalu. Tena angemkataliaje mtu aliyemfungulia zizi?

Ng'ombe waliuzwa, na banda likajengwa kando ya barabara ya Dutwa, kwa matofali ya kuchoma. Ndani waliweka viti virefu, televisheni ya video, na nyingine ndogo ya gemu. Uani fundi wa kuchomelea alisimamisha bembea za mabomba ya chuma. Siku ya kufungua vumbi lilipanda hadi kwenye bati. Malimi aliruka, akajitupa chini, akainuka akiimba majina ya walioshindwa, na watu wakajaa hadi barabarani, baiskeli zikakosa njia. Nyanda alizima na kuwasha jenereta ili tu watu waisikie ikinguruma. Justina alisimama karibu na bembea, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kwenye mizani alijisikia ana kazi.

Kisha watu wakaacha kuja. Wiki iliyofuata waliingia wachache, na baada ya hapo wakaja wachezaji wa Malimi tu, wakakaa viti vya mbele na kunyoosha miguu.

"Mama, hawa hawalipi," Nyanda alisema. "Wanasema wao ni wenyeji. Niwadai wenyeji?"

Nje ya lango alikaa mama mmoja aitwaye Shida, muuza maandazi, kwao ni Bagalu. Siku moja Justina akaketi kando yake.

"Shida, watu wamekasirishwa na nini?"

"Mayu, mama yangu, unataka nikwambie, au unataka andazi?"

"Vyote viwili."

Shida akampa andazi kwanza. "Pale mlangoni shemeji yako kafukia dawa yake. Mji mzima unajua. Mtoto wa Mgalu akivuka pale, mwakani ngoma ya baba yake haivuti hata mbuzi."

"Na wewe unaamini hayo? Si tunakaa wote kanisani?"

"Mimi siamini. Lakini umewahi kuniona nikiingia?"

Justina akatafuta kichwani. Hakuwahi.

Alikwenda Dutwa kesho yake. Malimi alikuwa anakaza ngozi ya ngoma kivulini mwa ghala, na hakuficha kitu.

"Ulitaka watu, nikakuwekea dawa ya watu. Na siku ile hawakuja?"

"Walikuja, shemeji. Sasa iondoe."

"Niiondoe mbele ya macho ya Bagalu? Waimbe mwaka mzima kwamba Malimi amefukua dawa yake mwenyewe kwa woga?" Alipiga ngoma kidogo kwa kiganja, akasikiliza. "Hapana, mayu. Mambo ya Ngulyati usihangaike, nitakwenda mwenyewe kumwomba Mahona muda. Lakini kizingiti kile usikiguse."

Njiani Justina aliliangalia jambo lile huku na huku. Baba wa Nyanda hayupo. Mwanamke haendi kuzungumzia ng'ombe, na muoaji hajisemei. Aliyebaki wa kuongea kwa wakwe ni Malimi. Lakini banda likikaa tupu, Malimi atakwenda kuomba muda wa ng'ombe ambao hawatapatikana kamwe. Nyumbani alimweleza mwanawe yote.

"Akikasirika, akakataa kwenda?" Nyanda aliuliza.

"Tutakuwa na ng'ombe bila msemaji."

"Sasa hivi tuna msemaji bila ng'ombe."

Kisha Nyanda akaenda kumwita mwashi.

Hawakugusa kizingiti. Mlango wa mbele waliuziba kwa matofali, wakabomoa ukuta wa nyuma, upande wa soko, wakaweka mlango mwingine. Shida ndiye aliyeingia wa kwanza, sinia la maandazi kichwani. "Nionyesheni hiyo televisheni mliyonificha," alisema, akakaa mbele. Baada yake waliingia majirani zake na watoto wao, na siku za soko banda likaanza kujaa, Bagalu na Bagika bega kwa bega.

Malimi alikuja Jumapili moja. Hakuzunguka nyuma. Alisimama mbele ya ukuta mpya, akapapasa matofali, na Justina akatoka kumlaki.

"Sikugusa, shemeji."

"Hukugusa," alisema Malimi. "Umenizika nikiwa nimesimama."

Aliondoka bila kunywa maji. Mauzo ya pamba yalipofika na Justina akatuma mtu Dutwa kumkumbusha safari ya Ngulyati, jibu lilirudi fupi: mwambieni mama huyo, hata Ngulyati nyumba zina mlango wa nyuma.

Wakaenda wenyewe, mama na mwana. Mzee Mahona aliwapokea kwa maziwa na viti vizuri, akauliza habari za mjini. Justina alipofika kwenye jambo lenyewe, la kuomba muda, mzee alitazama mlangoni, kama anayesubiri mtu mwingine aingie.

"Mayu, sina ubaya na wewe. Lakini nazungumza na nani?"

"Na mimi," Nyanda alisema.

"Wewe ni mtoto wangu. Mtoto wangu simdai ng'ombe." Akamjazia maziwa. Hakusema neno jingine kuhusu Nyamizi, wala hawakuitiwa Nyamizi aje kuwasalimu.

Ng'ombe walirudi, wakinunuliwa mmoja mmoja kwa fedha za kiingilio, kabla mvua hazijakatika. Walilala katika zizi la jirani, wazuri, wenye nundu nene, na hapakuwa na mahali pa kuwapeleka. Nyamizi alikuwa ameshaolewa na kijana wa mnunuzi mmoja wa pamba.

Siku moja ya soko walikuja bandani, yeye na mumewe na mashemeji zake wadogo. Nyanda alikuwa mlangoni akipokea kiingilio. Akawasalimu, akawatafutia kiti kirefu ambacho jua haliingii, akawaonyesha watoto njia ya kwenda kwenye bembea. Nyamizi aliitikia akiangalia chini. Video ilikuwa imeanza.

Justina alimwona mwanawe akienda uani na dumu la petroli. Jenereta ilikuwa imejazwa asubuhi ileile. Nyanda alichuchumaa karibu nayo, ikimngurumia usoni, na hakurudi ndani hadi watu walipotawanyika. Justina alibaki mlangoni mahali pa mwanawe, akipokea kiingilio, akiwaambia kina mama wasogee, ndani bado pana nafasi.