Nilivyosoma Daftari la Kadzo Ukumbini

Chekeni, lakini mnisubiri nimalize, maana aibu yenyewe ni yangu na niliibeba kwa miguu kutoka ukumbi wa shule hadi nyumbani Mikindani, nikimkwepa kila anayenijua (na mimi fundi cherehani, nani hanijui?).

Mwalimu Saumu, anayemfundisha binti yangu Kadzo fasihi, alitupa wazazi kazi: kila mmoja asome hadithi fupi ya zamani, ileile anayoisoma mwanawe, kisha siku ya wazazi asimame aseme dhamira yake. Kurasa nane tu! Lakini mimi kukaa na kitabu siwezi, mwili unaniwasha, nikisoma mistari mitatu nakumbuka sufuria, nikirudi naitwa na mteja anataka dera lake, nikirudi tena nimesahau nani ni nani. Kadzo akaniuliza, "Mama, umefika wapi?" Nikamjibu macho yangu yakiwa kwenye cherehani, "Nimemaliza zamani."

"Na mwisho wake umeuonaje?"

"Mzuri."

Akanitazama kidogo, akaenda zake.

Siku ilipofika, Kadzo alitangulia shuleni kupanga viti, nami nikaona daftari lake la fasihi juu ya meza, lina kila kitu, dhamira, maudhui, sifa za wahusika, nikasema moyoni, kumbe kazi imeshafanywa! Nikalitia mkobani. Nilikusudia kulipitia njiani, lakini nikakutana na mzazi mwenzangu Mama Neema, nikaanza kumweleza vile Kadzo atakavyokuwa muuguzi, afanye kazi hapa hapa hospitali ya Port Reitz, arudi nyumbani kula mchana (hata kitambaa cheupe cha sare nilikuwa nimeshanunua, mita tatu), mpaka tunaingia getini sijafungua hata ukurasa.

Mwalimu akauliza nani ataanza. Na mimi kungoja pia siwezi, nikainua mkono.

Kadzo alikuwa amesimama kule ukutani, akaliona daftari lake, akaanza kunipungia mikono yote miwili. Mimi nami nikampungia.

Nikasoma kwa sauti ya kanisani: "Dhamira: mtu anaweza kumpenda mwanawe na asimsikie." Watu wakapiga makofi. Jamani, makofi matamu! Nikaongeza mwendo. "Sifa za mama: mchapakazi, mkarimu, hatulii. Binti amekuja na jambo tangu ukurasa wa kwanza, lakini mama yuko jikoni anampakulia." Vichwa vikatikisika, nami nikageuza ukurasa kwa madaha. "Mfano katika maisha: mama yangu. Nimemwambia mara tatu kuwa sitaki uuguzi, na mara zote tatu alikuwa anatia uzi kwenye sindano."

Nilishafika kwenye sindano ndipo masikio yakasikia kilichosemwa na kinywa. Mama Neema (yeye yule) akaanza kucheka, na wengine wakamfuata. Mwalimu Saumu akasema taratibu, "Ahsante sana, Mama Kadzo. Hadithi tumeielewa." Nilipoangalia ukutani, Kadzo hayupo.

Sikuumia kwa kile kicheko, wallahi. Niliumia kwa sababu zile mara tatu nilijaribu kuzikumbuka njia nzima na sikuikumbuka hata moja.

Nilimkuta Kadzo ameketi kizingitini kwetu, macho mekundu. "Mama, kwa nini ulilichukua?" Nikamwambia ukweli, kwamba sikuisoma ile hadithi. Akasema, "Najua. Mwisho wake si mzuri." Akaingia ndani, akatoka na kitabu, nami nikaketi kando yake na mikono nimeikalia, isije ikatafuta kazi, akanisomea kurasa zote nane. Nilitaka kuinuka mara kumi. Mwishoni yule binti anaondoka bila kusema lililomleta, na mama anakuja kuondoa vyombo, anakuta sahani ya mwanawe imejaa vilevile, haikuguswa.

Nililia, mtu mzima mimi. Mteja akabisha hodi, nikamwambia arudi kesho.

Tangu siku hiyo nimeapa sitasema nimesoma nisichosoma, na kiapo hicho nakitimiza kwa shida. Kile kitambaa cheupe nimekishona mapazia. Lakini jioni ile, kabla ya kiapo na mapazia, nilimgeukia Kadzo nikamwambia, "Haya mwanangu. Niambie mara ya nne."