Majina Matatu ya Marehemu

Kuna methali moja naichukia: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naishi Kibiti mjini na kazi yangu ni kuthibitisha habari kwa ajili ya redio moja ya Dar es Salaam. Katika miaka yangu ya kazi nimeona mengi yaliyosemwa ambayo hayakuwapo na hayakuja. Watu wamefishwa kwa simu huku wenyewe wako sokoni wananunua mihogo. Kwa hiyo nina kanuni moja: mtu hafi redioni mpaka nipate vyanzo viwili visivyojuana.

Siku ile kombora lilikuwa limeipiga meli ya mizigo katika bahari ya mbali, kwenye vita visivyotuhusu. Kufika saa nne asubuhi makundi ya WhatsApp ya Kibiti yalikuwa yameshaua Watanzania watano. Nikamwandikia wakala wa meli, naye akanitumia orodha. Mtanzania aliyefariki alikuwa mmoja. Palikuwa na majina yake matatu, tarehe ya kuzaliwa, na maneno "mzaliwa wa Rufiji". Nikapiga simu Ngorongo, kijiji cha Rufiji, nikapoteza saa mbili nzima, kabla sijakumbuka kwamba pasipoti za watu wetu wengi bado zinasema Rufiji hata baada ya Kibiti kumegwa na kuwa wilaya. Kwa ujinga wangu huo sikumlaumu mtu. Ukoo wenyewe ulikuwa Dimani, huku huku Kibiti, nikachukua bodaboda.

Nilipofika turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanaume walikaa kwenye mikeka, wanawake wako uani na masufuria. Mwenye nyumba, mzee wa makamo, alinieleza kwamba mwanawe baharia amekufa na mkwewe ameshaingia eda tangu alfajiri.

"Nani kawaambia?" nikauliza.

"Si hii hapa, kwenye simu. Jina lake kamili."

Nilikasirika, nakiri. Mwanamke wa watu amefungiwa ndani akianza kuhesabu miezi minne na siku kumi, kwa ushahidi wa ujumbe uliopita kwenye simu arobaini. Nikaomba karatasi yoyote yenye tarehe ya kuzaliwa ya kijana.

Mzee akasema karatasi zote za nyumba ile anazo shemeji yake, mjane wa mdogo wake. Nikamkuta uani anakuna nazi, amekaa juu ya mbuzi, kanga imefungwa kifuani, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Alinawa, akaniletea mfuko wa nailoni uliofungwa mara tatu, maana mafuriko ya huku hayana adabu na vyeti.

"Nawawekea wote, mwanangu," akasema. "Wa kwake na wa kwangu. Mkubwa na Mdogo."

Ndipo nikaelezwa. Katika ukoo ule mtoto wa kwanza wa kiume wa kila ndugu hupewa jina la babu. Mkubwa ni mtoto wa mzee. Mdogo ni mtoto wa huyu mama. Baba yake alifariki angali mchanga, baba yake mkubwa, yaani huyu mzee, akamlea, na siku ya kumwandikisha shule akaandika jina lake mwenyewe kwenye nafasi ya baba. Hakuna aliyeona tatizo. Nyumbani walikuwa Mkubwa na Mdogo, na kwenye karatasi majina yote matatu yakawa sawasawa.

Nikafungua vyeti viwili, nikaweka simu katikati. Tarehe iliyokuwa kwenye orodha haikuwa ya Mkubwa.

"Na Mdogo yuko wapi, mama?"

"Yuko Dar, bandarini, anapakia mizigo. Simu yake haipatikani wiki hii, chaji zao hizo." Akarudi kwenye nazi yake. "Namhurumia huyu mke wa mwenzie. Tangu asubuhi hajala, nimemlisha uji kwa kijiko."

Cheti ni chanzo kimoja. Nilitoka nje ya uzio nikamtumia wakala ujumbe, nikaomba mtu yeyote aliyenusurika. Baada ya swala ya adhuhuri ikaja sauti ya baharia wa Tanga aliyelazwa hospitali huko huko. Alisema marehemu hakuwa na muda mrefu melini. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kupakia mizigo bandarini, mama yake asije akawa na hofu. Tena, alisema, wakimtania kwamba kaiba jina la binamu yake, baharia wa siku nyingi.

Niliisikiliza mara tatu. Kazi yangu ilikuwa imekwisha na ningeweza kupiga simu studio palepale. Sikupiga. Nilisimama kwenye jua nikipanga maneno, na kila nilipoyapanga niliogopa, mimi ambaye huwa siogopi maneno.

Nikiwa bado nimesimama, makelele yakalipuka ndani. Mkubwa alikuwa amepiga simu. Meli yake ilikuwa imetia nanga bandari nyingine kabisa, ndiyo kwanza amepata mtandao, na amekuta watu wanamsomea dua. Mke alitoka mbio kichwa wazi, eda imemwishia mchana huohuo. Mzee akasujudu mchangani. Wanaume wakaanza kulifungua turubai, na kila mmoja alidai yeye tangu mwanzo hakuamini.

Aliyepiga vigelegele kuwashinda wote alikuwa yule mama. Alimkumbatia mke wa Mkubwa, akacheza naye uwanjani, kisha akanitafuta kwa macho, akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili yenye mafuta ya nazi.

"Mungu akupe, mwanangu, umetufaa. Wali ushaiva, utakula kwanza, huendi." Akavuta pumzi, akafuta jasho kwa ncha ya kanga. Halafu uso wake ukatulia. "Lakini huyo alokufa, maskini, wa kwenye simu yako, naye si ana mama yake? Keshapewa khabari?"

"Bado, mama," nikasema, na nikamwomba tuingie ndani.