Karatasi Iliyolala Sandukuni

Siku Sornavalli alipokalia kiti cha marehemu mumewe mbele ya ofisi ya msajili wa hati katika mji wa Tenkasi, kusini mwa India, waandishi wa hati wenzake, wote wanaume, walimpokea kwa kejeli.

"Mama, jikoni ni kule!"

"Nimetoka huko sasa hivi," akajibu, akivuta taipureta, "na wali wenu nimeuacha uungue."

Tangu hapo wakamwita dada. Miaka thelathini na moja akakaa chini ya turubai lile, na hakuna aliyemweza kwa maneno.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja. Kabla hajapiga herufi hata moja, aliigeuza nyuma karatasi ya stempu, ile ya serikali inayoandikiwa mikataba, pale muuzaji wa karatasi anapoandika jina la mnunuzi na tarehe ya kuinunua, akaisoma kwa sauti. Mumewe alimfundisha hivyo. Watu wakidhani ni ushirikina, yeye aliwaacha wadhani.

Basi akaja Pechi, mjane aliyeuza idli, vile vikate laini vya mchele, pale stendi, pamoja na jirani yake Ayyadurai, mzee asiye na mtoto, aliyekubali hatimaye kumuuzia nyumba yake ya vyumba viwili. Karatasi aliyotoa Pechi ilinuka mwarobaini. Aliinunua miaka miwili nyuma, Ayyadurai alipotoa ahadi ya kwanza. Mzee akawa leo, kesho, nayo ikalala sandukuni kati ya sari na majani ya mwarobaini ya kufukuza wadudu.

"Hiyo imekufa!" wakacheka waandishi. "Stempu ni miezi sita!"

Sornavalli akaigeuza, akasoma tarehe. "Kilichokufa hapo ni akili zenu," akasema, akaandika makubaliano. Mzee akatia sahihi, akapokea rupia zake, Pechi akahamia.

Lakini kifo hakibishi hodi. Kabla hawajaenda kusajili, Ayyadurai akafariki. Mdogo wake, Maruthappan, akazuka na makubaliano yake mwenyewe, yenye tarehe ya mwaka mmoja kabla ya yale ya Pechi. Eti kaka alishamuuzia yeye. Pechi atoke!

Mahakamani wakili wa Maruthappan alinguruma. "Mheshimiwa, karatasi ya huyu mama ilinunuliwa miaka miwili kabla ya kuandikwa. Stempu hufa kwa miezi sita. Hati yake si kitu!"

Pechi akajifuta machozi kwa pindo la sari. Hakuwa na pengine pa kulala.

Sornavalli, shahidi wake, alikuwa amesimama kizimbani.

"Miezi sita ni ya nani, bwana wakili? Ni ya anayetaka kuirudisha serikalini alipwe pesa yake. Anayetaka kuiandika hakuwekewa siku. Karatasi si maziwa, ikalala ikaganda."

Hakimu akatabasamu. "Ndivyo sheria ilivyo, wakili. Endelea."

Wakili akaona haya, na haya ikamponza. Akachukua hati ya mteja wake, akamsukumia Sornavalli. "Haya, jionee karatasi safi, isiyonuka sanduku!"

Jamani, angempa mwingine yeyote! Sornavalli alifanya kama alivyofanya kila siku ya Mungu: akaigeuza nyuma. Akasoma kimya. Akarudia.

"Ndugu Maruthappan, pole na msiba. Mwili wa kaka yako ulichomwa lini vile?"

"Tarehe nne Septemba mwaka jana," Maruthappan akajibu kwa majivuno. "Moto niliuwasha mimi mwenyewe!"

"Na karatasi hii uliuziwa wewe, jina lako hili hapa, tarehe ishirini Novemba mwaka jana huohuo." Akainua sauti. "Karatasi kuisubiri kalamu ni jambo la kawaida. Kalamu kuitangulia karatasi, hiyo mpya! Au kaka yako alijikung'uta majivu akaja kutia sahihi?"

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Hakimu akaitwaa hati, akaigeuza mwenyewe, akaamuru izuiliwe na polisi waitwe. Maruthappan aliomba maji. Nyumba ikabaki kwa Pechi.

Sornavalli aliporudi chini ya turubai, waandishi wote walikuwa wakigeuza karatasi za wateja wao. Akawapita kichwa juu, furaha imemjaa kifuani, akaketi kwenye kiti cha mumewe.

Maruthappan alipotolewa kwa dhamana, asubuhi yake ilimbidi apite mtaa wa Pechi. Pechi alikuwa amechora maua ya unga wa mchele mbele ya mlango wake, kama kila mwanamke mwenye nyumba afanyavyo, ila yake yalitapakaa mpaka katikati ya njia. Maruthappan akayazunguka.