Mkebe Uliokaliwa Sokoni Mbumbuni

Wanafunzi wangu wa darasa la nane waliamini kwamba kitu rahisi ni kile chenye bei ndogo. Ukiwauliza kipi ni nafuu, kipande cha sabuni cha shilingi mbili au mche mzima wa shilingi kumi na mbili, walijibu kwa sauti moja kama kwaya iliyofanya mazoezi: "Kipande, mwalimu." Niliwaambia mche mmoja hutoa vipande vinane. Waliangaliana, kisha mmoja akainua mkono.

"Lakini mwalimu, mama hunipa shilingi mbili."

Mungu alinijalia subira, na darasa hilo lilijua kuitumia. Ilikuwa miaka ya themanini, Mbumbuni. Mimi nilisomea kwa wamisheni, ambako tulifundishwa kuomba kabla ya kula, kabla ya kulala na kabla ya kugawanya kwa desimali. Kwa hiyo sikukata tamaa upesi.

Kila mwaka kabla ya mtihani, wazazi walichanga pesa za chakula cha siku ya maombi, wachungaji walipokuja kuwaombea watahiniwa. Pesa hizo zilitosha isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo watoto walikula nyumbani kila siku. Mwaka ule darasa liliomba chapati na ndengu. Mwalimu mkuu aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Pesa ni zile zile. Mkizitosheleza, mtakula chapati. Zikiwapungukia, mtawaeleza wachungaji wenyewe kwa nini wanakunywa chai tupu."

Sijawahi kuona watoto wakipenda hesabu ghafla namna ile. Tulizunguka maduka yote tukiuliza bei za unga wa ngano na mafuta ya kupikia, tukigawanya kila bei kwa kilo zake. Wale wa kipande cha sabuni sasa walimwambia mwenye duka, "Pakiti yako ndogo ni ghali, mzee," na mwenye duka akaniuliza kama shule imefungua tawi la ushuru.

Ikabaki ndengu. Siku ya soko tulienda kwenye safu ya akina mama wauzao nafaka. Wote walipima kwa mkebe mtupu wa mafuta, ule wa kilo mbili, na desturi ilikuwa ujazwe hadi ndengu zifanye kilima juu na chache zianze kuporomoka. Bei ilikuwa shilingi kumi kwa kila mmoja wao.

"Basi hakuna hesabu hapa," wanafunzi wakasema. "Mkebe ni mmoja, bei ni moja. Tununue twende."

Niliwaambia tupime kwanza. Nilikuwa nimeazima mizani dukani pamoja na mawe yake. Kazi ya kusoma nilimpa msichana mmoja mwembamba aliyewashinda wote kwa kugawanya. Susu yake, yaani nyanya yake, alikuwa akiuza mwisho wa safu ile. Alikuwa mama mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, na ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama kanisani kwetu. Alimwita mjukuu wake mke mwenzangu, kama susu wa kwetu wanavyotania, kana kwamba wote wawili wameolewa na babu mmoja aliyebaki nyumbani.

"Mke mwenzangu, leo umeniletea polisi?"

"Ni hesabu tu, susu."

"Na mume wetu umemwachia uji, au hesabu imemlaza njaa?"

Tulianza na wengine. Mkebe wa kwanza ulitoa kilo mbili. "Shilingi tano kwa kilo," msichana akatangaza. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Tukamfikia susu. Alikuwa ameugeuza mkebe wake chini juu na kuukalia, kama alivyofanya kila siku ya soko akisubiri wateja. Aliinuka taratibu, akaupangusa kwa leso, akaujaza na kuupandishia kilima kizuri kuliko vyote. Tukamimina kwenye mizani.

Upande wa ndengu ulikataa kushuka.

Msichana alitazama mizani, akamtazama susu yake, kisha akasema polepole, "Kilo mbili."

Nilijua kwa nini alidanganya. Katika soko lile kila mtu alisikia habari za wauzaji wanaogonga kitako cha mkebe kwa jiwe ili kiingie ndani na mkebe ubebe kidogo. Mama aliyegunduliwa hivyo hapati mteja tena, hata akihamia soko la Kikima habari zitamtangulia. Na huyu ndiye aliyesimama mbele yetu kila Jumapili. Mtoto alikuwa ameshika jina la susu yake kwa mikono miwili, na mimi ndiye niliyemweka hapo. Niliomba kimoyomoyo hekima ya kutosha. Nikapewa maneno mawili tu.

"Soma tena."

Hakusoma. Susu akashika kiuno.

"Mwalimu, mbona mmenyamaza kama watu wa matanga? Mke mwenzangu, soma kilichopo. Mizani haina susu."

Msichana akapunguza mawe hadi mizani ikalingana. "Kilo moja na robo tatu," akasema, machozi yakimtoka.

Mama wa jirani aliziambia ndengu zake, "Mimi sijasema kitu."

Susu alichukua mkebe, akaingiza mkono na kupapasa chini. Akaugeuza. Kitako kilikuwa kimebonyea ndani kama sahani ya mchuzi. Alikitazama, akatazama mahali mkebe ulipokuwa asubuhi yote, kisha akajitazama mwenyewe, nyuma na mbele. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Mwizi nimemjua," akasema kwa sauti ya kufika hadi kwenye vitunguu. "Nilikuja naye asubuhi, na jioni nitarudi naye. Ni huyu ninayemkalia."

Soko lilicheka hadi wauza mbuzi wakaja kuuliza kumetokea nini. Susu hakungoja. Alitafuta jiwe, akagonga kitako kutoka ndani, akakigonga tena kwa hasira ya haki, hadi kikatokeza nje kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Mkebe haukuweza tena kusimama, ikabidi aubane kwa magoti. Kisha akaita kila aliyenunua kwake siku ile arudi aongezwe. Waliorudi walikuwa wengi kuliko walionunua.

"Wewe si ulinunua vitunguu?"

"Vilikuwa vidogo, susu."

Akampa konzi moja hata hivyo.

Msichana alijifuta macho. "Susu, tupime tena."

Safari hii mizani ilishuka kwa kishindo, kilo mbili na nusu. Hakuhitaji penseli. "Shilingi nne kwa kilo," alisema, na darasa likasogea na magunia kabla sijatoa ruhusa.

"Mke mwenzangu," susu alilalamika akipima, "hivi punde umenifanya mwizi, na sasa unaniibia." Lakini kilima hakukipunguza.

Siku ya maombi tulikula chapati na ndengu, na wachungaji waliongeza sahani bila kuulizwa. Hata sasa namshukuru Mungu kwa chakula kile. Pesa kidogo zilizobaki, darasa liliamua kwa shauri la msichana zipelekwe kwa seremala. Susu alipomaliza kuombea penseli zetu, maombi marefu yaliyogusa hata vifutio, walimletea kigoda kipya cha mbao.

Alikigeuza, akakigonga kwa kidole, akakikalia kwa tahadhari. Kikatulia.

"Mmekinunua pesa ngapi?"

"Shilingi thelathini, susu."

"Basi chukueni kalamu, mgawanye kwa kilo zangu. Mtaona hakuna aliyewahi kununua kitu rahisi hivi."

Mjukuu wake alikuwa tayari na kalamu. "Kilo ngapi, susu?"

"Hiyo," akasema, akijipanga vizuri juu ya kigoda, "ni siri yangu na mume wetu."