Mkono Uliotoka Dirishani

Asubuhi, kabla injini ya kwanza haijawashwa, Mwalimu Breki anaipita kwa miguu njia ambayo wengine wataipita mbio. Kila kona anasimama, anachuchumaa, anautazama mstari mweupe wa pembeni kama fundi cherehani anavyotazama upindo. Dereva atakayeuvuka kwa magurudumu yote manne ataitwa kwenye chumba cha waamuzi, na huko hakuna mzaha.

"Hawa ni watu wazima," anasema akijipangusa vumbi magotini. "Wana ndevu, wana watoto. Lakini mmoja akizibiwa njia kwenye kona, anakuja kwangu analia utadhani kanyang'anywa peremende."

Siku za kazi mama huyu ni mwalimu wa shule ya udereva. Gari lake lina breki ya pili upande wa abiria, na hiyo ndiyo iliyompa jina. Wanafunzi wake wanaapa kwamba huikanyaga hata akiwa kwenye kochi nyumbani. Nusu ya madereva wanaoshindana hapa, ni yeye aliyewafundisha kushika usukani. Mwisho wa juma anakuwa mmoja wa waamuzi watatu wa mbio, kazi inayomlipa chakula cha mchana, mafuta ya kumfikisha uwanjani, na lawama zisizo na idadi.

Kazi yenyewe ni kufasiri. Kanuni inasema dereva amwachie mwenzake nafasi akiwa "ubavuni". Sasa ubavuni ni wapi? Bampa likifika mlango wa nyuma, au mpaka likifika kwenye kioo? Kuna watu wamenuniana msimu mzima kwa neno hilo moja. Yeye ana jibu lake: gurudumu lako la mbele likiwa sawa na mlango wa dereva mwenzako, uko ubavuni. Kama bado, subiri zamu yako.

"Sijawahi kufuta uamuzi wangu hata mmoja," anasema, na haoni haya kujisifu.

Majivuno hayo yanafika hadi mchana tu.

Katika mbio za mchujo, gari la buluu la dereva anayeitwa Kimya linagongwa kwa nyuma kwenye kona. Mara kamera ya pembeni inamwonyesha ametoa mkono dirishani, anaupunga, na gari lililomgonga liko nyuma yake. Kanuni ya mwenendo iko wazi: dereva hatamtukana mwenzake, si kwa neno wala kwa ishara. Anaitwa.

Chumba cha waamuzi ni kidogo, feni inalalamika, runinga imewekwa juu ya meza. Kimya anaingia, kofia ngumu kwapani. Jina hilo hakupewa bure. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekupa pole.

"Ulitoa mkono nje, hukutoa?" Mwalimu anauliza.

"Nilitoa, Mwalimu, lakini..."

"Ndiyo au hapana. Hapa si kijiweni."

"Ndiyo."

"Ahsante. Nenda."

Mwenyekiti wa waamuzi anauliza kama kuna haja ya kuitazama picha tena. "Ya nini, na amekiri mwenyewe?" anajibu Mwalimu. Kimya anaondolewa kwenye fainali.

Haupiti muda mrefu, anaingia fundi wa lile gari la buluu, dada mkubwa wa Kimya, grisi hadi viwikoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Uamuzi umeshatoka, mwanangu."

"Sijaja kubishana. Nina swali la darasani tu. Dereva akitoa mkono nje, kiganja kinatazama chini, akaupandisha na kuushusha taratibu, anasema nini?"

"Anasema, napunguza mwendo." Jibu linamtoka Mwalimu kabla hajafikiri. Ni somo lake, amelifundisha hata kwa watu wasiojua kushoto na kulia.

"Basi. Alipogongwa, taa za breki zilikufa zote, na nyuma yake kuna magari yanakuja. Akafanya ulivyomfundisha."

Mwalimu anairudisha picha. Mkono unapanda, unashuka, kiganja chini, bila papara, kama wa mzazi anayembembeleza mtoto alale. Hamna ngumi wala kidole.

"Masikio yaliniwaka moto," anasimulia, macho ameyakazia mezani. "Nimemwadhibu mtoto wa watu kwa somo langu mwenyewe! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na si macho yaliyonidanganya, maana picha sikuitazama vizuri. Nilimziba mdomo, kisha nikamhukumu."

Kanuni inaruhusu uamuzi kufunguliwa upya ukipatikana ushahidi mpya. Mwenyekiti, mtu wa huruma, anamtafutia pa kujisitiri: waseme taa zilizokufa ndizo ushahidi mpya, mambo yaishe.

"Nilitaka kukubali, sikufichi," anasema Mwalimu. "Kalamu nilishaishika. Lakini wote wangebaki wanaamini kwamba alitukana kweli, ila taa ndizo zilizomwokoa. Nikamwambia mwenyekiti, hapana, andika kwamba mwamuzi alikosea."

Kisha anatoka kwenda kuwatangazia madereva wote, magari yakiwa yameshapangwa. Kimya anarudishwa fainali, lakini nafasi yake ya mbele imeshachukuliwa, ataanzia mkiani.

"Leo breki zimemkatikia Mwalimu!" mmoja anapaza sauti, na kicheko kinatembea mstari mzima. Mwalimu anasimama palepale mpaka kiishe.

Kimya keshafunga mkanda. Mwalimu anainama dirishani kwake.

"Nisamehe, mwanangu. Lakini kwa nini hukunikatiza?"

"Nilidhani maana imebadilika, Mwalimu," anajibu bila kinyongo. "Nikasema, kama yeye anasema ni tusi, basi mimi ndiye sijapata habari."

Kimya anamaliza wa tano. Mwalimu anasema hakuona hata gari moja likipita. Alikuwa bado analitafakari jibu lile.

Amekwisha kuwaomba waamuzi wenzake kwamba kuanzia sasa dereva aseme kwanza, hadi amalize, ndipo aulizwe. Hilo ana hakika litapita. Anachokitamani ni kingine, na anakisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekopa.

"Siku moja, mmoja wa hawa niliowafundisha aingie humu ndani, apige meza, aniambie, Mwalimu, hapo umekosea. Na aendelee kusema hata nikimkata jicho."